Dripu Moja, Watoto Wanne

Mgonjwa akilazwa, simu ya kwanza kutoka nyumbani huuliza jambo moja: "Ameshatundikiwa dripu?" Ukijibu ndiyo, unawasikia upande wa pili wakishusha pumzi. Dripu kwetu ni ushahidi kwamba hospitali imeanza kazi. Chupa inaning'inia, matone yanahesabika, kila apitaye anaiona. Daktari aliyemshika mtoto miguu, akambonyeza ukucha, akahesabu pumzi zake dakika nzima huku akitazama saa, halafu akasema "huyu maji tusimkimbizie", anaonekana hajafanya kitu.

Nataka kumtetea daktari huyo. Utetezi wenyewe unapita Kilifi, Muheza na Mbale, na kabla ya hapo Detroit, maana mtindo wa kumwaga maji kwa kasi haukuzaliwa Afrika Mashariki.

Tuanze na ugonjwa. Sepsisi si jina la kijidudu. Chanzo kinaweza kuwa nimonia, kidonda, maambukizi ya njia ya mkojo, hata malaria kali. Sepsisi ni yale ambayo mwili unajifanyia wenyewe ukiwa vitani: mapambano yanavuka mpaka, na viungo ambavyo havikuwa na ugonjwa wowote, kama figo, ini, ubongo na moyo, vinaanza kushindwa kazi. Makadirio yaliyotolewa 2020 yalionyesha kwamba katika mwaka 2017 watu wapatao milioni 48.9 duniani walipata sepsisi, na milioni 11 kati yao wakafa. Hicho ni karibu kifo kimoja katika kila vifo vitano vya dunia nzima mwaka huo.

Hatua yake mbaya zaidi madaktari huiita mshtuko, neno linalopotosha, kwa kuwa sisi tukisikia mshtuko tunafikiria habari za msiba. Mshtuko wa kitabibu ni damu kushindwa kufika inakotakiwa. Mwili, kama mwenye duka aliyeishiwa mtaji, unafunga matawi ya pembeni ili kuokoa makao makuu: mikono na miguu inapoa, ngozi inapauka, moyo unakimbia. Presha kwa mtoto inaweza kubaki nzuri kwa muda mrefu, kisha ikaporomoka ghafla. Anayesubiri presha ishuke ndipo ashtuke, amechelewa.

Hapa muda ni kila kitu, na Kilifi walilionyesha hilo kwa hesabu. Utafiti wa hospitali ya pale uliochapishwa 2005 ulipima damu za watoto zaidi ya 16,000 waliolazwa. Waliokutwa na bakteria kwenye damu hawakufika hata 7 katika kila 100, lakini vifo vyenye bakteria hao vilikuwa kama robo ya vifo vyote vya wadini. Na katika watoto hao waliokufa, thuluthi moja hivi walikufa siku ileile ya kulazwa. Majibu ya maabara ya kuotesha damu huchukua siku mbili au zaidi. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumwona. Nasema kumwona, si kumtibu, kwa sababu katika hospitali nyingi mtoto anayekufa na mtoto mwenye upele wanakaa benchi moja, wakisubiri kadi ileile. Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, walikuwa na tatizo hilo. Wakapanga upya mlango wa kuingilia wagonjwa watoto, wakafundisha wahudumu kuchambua wagonjwa wakiwa bado kwenye foleni, wakasogeza huduma za dharura karibu na mlango. Ripoti yao ya 2006 inaeleza kwamba vifo vya watoto waliolazwa, vilivyokuwa kati ya 10 na 18 kwa kila 100, vilishuka hadi kati ya 6 na 8. Kilichobadilika zaidi ni mpangilio wa foleni.

Uchambuzi huo, triaji kama wenyewe wanavyouita, hauhitaji daktari bingwa. Mtoto ameacha kupumua? Anapumua kwa kuhangaika, mbavu zikiingia ndani? Mikono ni ya baridi? Ana fahamu, au anapata degedege? Ameishiwa maji kwa kuharisha? "Ndiyo" moja katika hayo ya hatari inamtoa kwenye foleni papo hapo. Wanaofuata ni wale wasioweza kusubiri sana: wachanga wa chini ya miezi miwili, wenye weupe mkali viganjani, waliokonda kupindukia, walioungua. Waliobaki wanasubiri zamu yao. Mlinzi wa getini akifundishwa vizuri anaweza kuwa wa kwanza kulijua hilo, na kwa uzoefu wangu wa kukaa kwenye mabenchi hayo, mlinzi ndiye mtu wa kwanza ambaye kila mzazi huzungumza naye.

Sasa turudi kwenye maji.

Mwaka 2001 hospitali moja ya Detroit, Marekani, ilichapisha matokeo yaliyotikisa vyumba vya dharura duniani. Wagonjwa 263 wenye sepsisi kali waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilitibiwa kwa kawaida. Jingine lilihudumiwa kwa ratiba kali ya saa sita za mwanzo: maji mengi, mrija kwenye mshipa mkubwa wa shingo, dawa za kupandisha presha, damu ikihitajika, vipimo bila kupumzika. Vifo vilishuka kutoka 46.5 hadi 30.5 kwa kila 100. Dunia ikasoma matokeo hayo, na kama kawaida yetu binadamu, ikakumbuka kile kilicho rahisi kukumbuka: maji mengi, mapema.

Baadaye, 2014 na 2015, tafiti tatu kubwa za Marekani, Australia na New Zealand, na Uingereza zilirudia jaribio hilo na hazikuona tofauti. Lakini tayari mwongozo ulikuwa umesafiri, na huko ulikosafiri haukufuatana na mrija wa shingoni wala mashine ya kupumulia. Ilifika chupa peke yake.

Ndipo Kathryn Maitland, daktari wa watoto, na wenzake wakauliza swali ambalo wengi waliliona halina haja ya kuulizwa: je, watoto wa Afrika wenye homa kali na dalili za damu kutosambaa vizuri wanafaidika kweli na maji ya kasi? Utafiti wao, unaojulikana kama FEAST, ulianza 2009 katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Muheza mkoani Tanga, na Mulago, Soroti, Mbale na Lacor nchini Uganda. Hapakuwa na chumba cha wagonjwa mahututi wa kupumulia mashine. Hizi ni hospitali kama za kwetu kwa sababu ni za kwetu.

Watoto 3,141 wa kati ya siku 60 na miaka 12 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. La kwanza lilipewa kwa kasi maji ya chumvi, la pili albumini, ambayo ni protini ya damu iliyo kwenye kimiminika, na la tatu halikupewa maji ya kasi, ila ya kiasi tu ya kumtosheleza mtoto kwa siku. Matibabu mengine yote yalikuwa sawa: antibayotiki, dawa ya malaria, oksijeni, sukari, damu kwa aliyeihitaji. Maji ya kasi yalianzia mililita 20 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa moja. Kwa mtoto wa kilo kumi hiyo ni mililita 200, haifiki hata chupa ya soda.

Watafiti walitarajia maji yaokoe. Januari 2011 jopo huru la kusimamia usalama likawaamuru wasimamishe kuandikisha watoto. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa maji ya chumvi walikuwa wamekufa 10.5. Waliopewa albumini, 10.6. Wasiopewa maji ya kasi, 7.3. Yaani tiba iliyokuwa kwenye miongozo, iliyofundishwa vyuoni, iliyoombwa na ndugu kwenye simu, ilikuwa inaongeza vifo vitatu hivi katika kila watoto mia moja.

Watu walibisha, na ubishi mwingine ulikuwa wa haki. Wapo waliosema watoto wale walikuwa na malaria mno, ambayo kweli ilikutwa kwa asilimia 57. Lakini wasio na malaria nao walipata madhara. Wengine wakasema mshtuko haukupimwa kwa masharti makali, kwa kuwa dalili moja tu ilitosha mtoto kuingizwa. Watafiti wakawatazama wale wachache waliotimiza dalili zote za Shirika la Afya Duniani: hata huko maji ya kasi hayakuonyesha nafuu. Wengi walidhani watoto walizama, yaani mapafu yalijaa maji. Walipochambua vifo kimoja kimoja, kilichoongezeka zaidi ni mzunguko wa damu kuporomoka ghafla, si mapafu kujaa.

Kwa nini? Jibu halijakamilika, ila lina vipande vinavyoonekana. Mapigo ya kasi na miguu baridi huenda si kuharibika kwa mwili, bali ndiyo namna unavyojishikilia, na maji ya ghafla yanauvunja mshiko huo. Maji ya chumvi yanaongeza uchachu kwenye damu ambayo tayari imechacha. Na maji hayabebi oksijeni: mtoto mwenye damu kidogo akiongezewa maji, damu yake inachujuka zaidi, kama chai ya watu watano iliyoongezwa maji ili iwatoshe kumi. Katika FEAST karibu thuluthi ya watoto walikuwa na himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, chini ya gramu 5 kwa desilita, yaani upungufu mkali. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kupumua, fahamu na uchachu wa damu vikiharibika zaidi kwa waliopewa maji ya kasi.

Hapo ndipo kosa jipya huzaliwa. Mtu akisikia habari hii hutoka na hitimisho la haraka: kumbe dripu inaua. Hapana. FEAST haikuwachukua watoto wa kuharisha, haikuwachukua wenye utapiamlo mkali, wala walioungua au kuvuja damu kwa ajali. Fikiria wadi moja yenye vitanda vinne, kila kitanda na mtoto wa kilo kumi, wote wamelegea, wote wana miguu baridi, na nje mama zao wote wanauliza swali moja la dripu.

Kitanda cha kwanza: homa kali, anapumua kwa shida, hajaharisha. Huyu ndiye mtoto wa FEAST. Anahitaji antibayotiki, oksijeni, kipimo cha malaria na cha sukari sasa hivi. Maji kwa kipimo cha siku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unasema maji ya kuongeza mzunguko yaanze pale tu dalili zote tatu zipo: mikono na miguu baridi, damu kuchukua zaidi ya sekunde 3 kurudi baada ya kubonyeza, na mapigo dhaifu tena ya kasi. Hata hapo ni mililita 10 hadi 20 kwa kilo, taratibu, kwa dakika 30 hadi 60, kisha atazamwe upya.

Kitanda cha pili: ameharisha na kutapika tangu jana, labda kipindupindu. Macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole mno. Huyu ukimcheleweshea maji unamuua. Akiwa amevuka mwaka mmoja anapewa mililita 300 ndani ya nusu saa, na nyingine 700 kwa saa mbili na nusu zinazofuata. Lita nzima kwa saa tatu. Yule wa kitanda cha kwanza alihatarishwa na sehemu moja ya tano ya kiasi hicho.

Kitanda cha tatu: ana utapiamlo mkali. Ugumu wake ni kwamba dalili zinadanganya. Ngozi ya mwenye unyafuzi, yaani aliyekonda kupindukia, hulegea hata kama ana maji ya kutosha, na aliyevimba kwa kwashakoo anaweza kuwa na upungufu wa maji chini ya uvimbe. Moyo wake umesinyaa kama misuli yake mingine. Kwa kawaida hunyweshwa maji maalumu ya chumvichumvi kidogo kidogo, kwa kikombe au kwa mrija wa puani, na dripu huwekwa kwa tahadhari kubwa endapo tu ana mshtuko na fahamu zimepungua.

Kitanda cha nne: viganja vyeupe kama karatasi. Ukimtundikia maji unachuja damu ambayo hana. Anahitaji damu, na hata damu ina kipimo chake. Utafiti wa Uganda na Malawi uliotoka 2019 uliona kwamba watoto wasio na homa walinufaika na mililita 30 za damu kwa kilo, ilhali kwa wenye homa kiasi hicho kilikuwa na madhara na ilikuwa heri wapewe 20. Kipimajoto, kifaa cha shilingi chache, ndicho kinachoamua.

Kwa watu wazima hadithi inakaribiana. Lusaka, Zambia, walijaribu ratiba ya maji mengi ya mapema kwa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI. Matokeo ya 2017: waliofuata ratiba walikufa 48 kwa kila 100, waliotibiwa kwa kawaida 33. Mwaka huohuo jimbo la New York, ambako sheria inazilazimisha hospitali kutibu sepsisi kwa saa zilizopangwa, walichambua wagonjwa zaidi ya 49,000. Kila saa ya kuchelewesha antibayotiki ilienda na ongezeko la vifo. Kasi ya kumaliza chupa ya kwanza ya maji haikuonekana kuleta tofauti.

Ukiweka hayo pamoja unaona kwamba neno "mapema" limebeba vitu tofauti ambavyo tumezoea kuvifunga kitita kimoja. Antibayotiki ina haraka. Sukari ina haraka, tena kubwa: tone la damu ya kidole, jibu chini ya dakika moja, na mtoto aliyezimia kwa kuishiwa sukari anaweza kufumbua macho ukiwa bado umeshika sindano. Hata antibayotiki siku hizi inapimiwa haraka yake. Mwongozo wa kimataifa wa 2021 kwa watu wazima unataka itolewe ndani ya saa moja kwa mwenye mshtuko au mwenye dalili zinazoelekea sana kuwa sepsisi. Asiye na mshtuko na ambaye bado kuna shaka, unawapa wauguzi na madaktari hadi saa tatu za kumchunguza kwanza, kwani si kila homa ni bakteria, na kila sindano isiyo ya lazima inalea usugu wa dawa.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo haifai kulificha: kuna magonjwa ambayo tiba inajulikana, ipo kabatini, na mgonjwa anakufa kwa sababu hakuna aliyepima. Mfano wangu ni kuvuja damu baada ya kujifungua. Kwa miaka mingi damu hiyo imekuwa ikikadiriwa kwa jicho, na jicho la mkunga aliyechoka hudanganyika, hasa damu inapopotelea kwenye khanga na shuka. Utafiti uliotolewa 2023 kutoka hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini uliwawekea akina mama chini ya makalio plastiki yenye mfuko wa kukinga damu, wenye mistari ya mililita. Damu ikifika mstari hakuna mjadala: kizazi kinakandwa, oksitosini ya kukaza kizazi, asidi ya traneksamiki ya kuzuia damu isivuje, maji ya mshipani, na uchunguzi wa kinachovuja, vyote pamoja badala ya kimoja kimoja kwa kusubiriana. Walikotumia jicho, karibu nusu ya akina mama waliovuja damu hawakutambuliwa. Walikotumia mfuko, walitambuliwa 93 katika kila 100. Kuvuja kwa zaidi ya lita moja, kupasuliwa tumbo au kufa kwa sababu ya damu kulipungua kutoka 4.3 hadi 1.6 kwa kila wanawake 100.

Dawa zile zilikuwepo hata kwenye hospitali za kundi la jicho. Naona mfuko ule wa plastiki na kile kidole kinachobonyeza ukucha wa mtoto ni ndugu.

Sehemu ngumu ni kutazama tena. Maji yakianza, mtoto atazamwe baada ya nusu saa, na baada ya saa: pumzi zimeongezeka? Ini limevimba chini ya mbavu? Miguu imepata joto? FEAST ilikuwa na ratiba ya kumkagua kila mtoto saa ya kwanza, ya nne, ya nane, ya ishirini na nne na ya arobaini na nane. Wadi ya kawaida haina ratiba hiyo, ina muuguzi mmoja wa zamu ya usiku na vitanda ambavyo baadhi vina watoto wawili. Karatasi ya vipimo inajazwa saa kumi na mbili jioni, kisha inarukia alfajiri.

Kwa hiyo nesi hufanya analoweza. Nimemwona mmoja akimshika mama mkono, akauweka juu ya kifua cha mtoto, akaenda naye pumzi kwa pumzi mpaka mama akashika mwendo. "Mama fulani, hivi ndivyo anavyopumua sasa. Ukiona zinakwenda mbio kuliko hivi, usione haya kuniamsha. Na miguu uwe unaigusa." Kisha akahamia kitanda kinachofuata, akaanza upya na mama mwingine.